Kompyuta ya Kupakata Isiyopakatika: Historia Fupi ya Joto na Feni za Laptopu

Kiswahili kina jina tamu sana la laptopu: kompyuta mpakato. Limetoka kwenye kupakata, neno la mama na mwanawe. Aliyelibuni alilitazama neno la Kiingereza, akaona paja, akamkumbuka mtoto aliyekaa pale. Safi kabisa. Tatizo ni moja tu: mtoto huyu ana homa. Mpakate saa nane mchana, Dar es Salaam, mwezi wa pili, halafu uniambie.

Kwa ajili ya homa hiyo kuna biashara nzima. Pita maduka ya vifaa vya kompyuta, iwe Kariakoo au katikati ya Nairobi, utazikuta zimepangwa: sinia la plastiki au la wavu wa chuma, feni mbili au nne, taa za buluu, na waya mmoja wa USB. Mtaani tunaziita feni za laptopu. Muuzaji atakuapia kwa majina yote kwamba mashine yako itakuwa baridi kama soda.

Je, ni kweli? Jibu ninalo na nitalitoa. Lakini naomba tupitie historia kwanza, kwa sababu swali la wapi pa kulipeleka joto ni la zamani kuliko laptopu yenyewe. Kompyuta imezaliwa nalo. Na ukijua waliotutangulia walilijibu vipi, hakuna muuzaji atakayekuzungusha.

Tena si swali dogo. Kwa vijana wengi wa rika letu, laptopu ndiyo mali ya thamani kuliko zote tulizo nazo. Kiwanja hatuna, gari hatuna. Kwa mwandishi wa habari ni jembe. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ni tasnifu nzima. Na nyingi tunazonunua ni za mtumba, zimeshatumika miaka kadhaa nchi za baridi kabla ya kuja kukutana na jua letu. Ikijizima ghafla saa tano usiku, kazi haijahifadhiwa, hutauliza habari za taa za buluu.

Haya, twende.

CHUMBA KILICHOJAA JOTO

Februari 1946, mjini Philadelphia, Marekani, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliwaonyesha watu mashine iliyoitwa ENIAC, kazi ya John Mauchly na J. Presper Eckert. Ndani yake kulikuwa na vali karibu 18,000. Kama babu yako alikuwa na redio ya zamani unazijua: zile taa za glasi nyuma ya redio, ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo redio iseme. Vali bila moto haifanyi kazi. Kwa hiyo ENIAC ilikula umeme wa kilowati 150 hivi.

Hapa kuna sheria ya fizikia isiyo na huruma wala rushwa: karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto. Kompyuta haivuti lori wala haipandishi maji kwenye tangi. Inahesabu tu, na hesabu haina uzito. Wati 150,000 zikiingia, chumba kinapokea joto la wati 150,000. Chukua pasi 150 za wati 1,000 kila moja, ziwashe zote ndani ya chumba kimoja, ondoka uziache. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi ya ENIAC.

Wahandisi wake walijenga mafeni makubwa ya kusukuma hewa katikati ya makabati, na wakaweka vidhibiti vya kukata umeme kabati likizidi joto. Umeiona hiyo? Kompyuta kujizima kwa sababu ya joto si ugonjwa wa laptopu yako. Ni tabia ya ukoo, tangu 1946.

Desemba 1947, katika maabara za Bell huko huko Marekani, ikazaliwa transista. Haikuhitaji kuwashwa moto kama vali. Ungedhani shida imekwisha. Wapi! Kwa kuwa transista ni ndogo na inakula umeme kidogo, watu walizijaza maelfu mahali palipokuwa na vali moja. Ni kama mshahara: ukiongezwa, matumizi nayo yanaamka. Kila kizazi cha kompyuta kilipunguza joto la kifaa kimoja, kisha kikaongeza idadi ya vifaa mpaka joto likarudi pale pale au likapita. Kumbuka mchezo huu, maana ndio utakaotufikisha dukani.

SAKAFU YENYE MATUNDU

Miaka ya 1960 na 1970 kompyuta kubwa za makampuni na serikali ziliishi kifalme. Zilijengewa chumba chao chenye kiyoyozi usiku na mchana, hata kama karani wa ofisi ya jirani anajipepea na faili. Sakafu ilinyanyuliwa, hewa ya baridi ikapitishwa chini yake na kutokea kwenye matundu, moja kwa moja miguuni mwa mashine.

Pale hewa iliposhindwa, wakaleta maji. Kufikia 1980 kompyuta ya IBM 3081 ilikuwa na ufundi wa kushangaza: kila chipu ilikandamizwa na kipande kidogo cha chuma kinachosukumwa na springi, nafasi zilizobaki zikajazwa gesi ya heliamu, na juu yake yakapita maji baridi. Kwa nini heliamu na si hewa? Kwa sababu heliamu inabeba joto vizuri zaidi kwenye nafasi nyembamba. Somo lao lilikuwa rahisi: kabla hujafikiria kupoza, hakikisha joto lina daraja la kuvukia. Penye pengo, joto linakwama.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Seymour Cray. Kompyuta yake ya Cray-1, iliyofika maabara ya Los Alamos mwaka 1976, ilipozwa kwa Freon, gesi ile ile ya friji za enzi hizo. Mwaka 1985 akatoa Cray-2, na safari hii akazamisha saketi zote ndani ya kimiminika kiitwacho Fluorinert, kisichopitisha umeme. Mashine ikawa kama samaki ndani ya tangi. Kompyuta za Cray zilikuwa na kasi kuliko zote duniani katika siku zao, na sehemu kubwa ya kazi ya kuzijenga ilikuwa ya mabomba.

Sasa itazame tena ile sakafu yenye matundu. Hewa inatoka chini, inapanda, inaingia kwenye mashine. Si ndiyo feni ya laptopu hiyo? Ndiyo, ni babu yake kabisa. Lakini kati ya babu na mjukuu kuna tofauti kubwa. Chini ya sakafu ile kulikuwa na hewa iliyokwisha kupozwa na mitambo. Chini ya laptopu yako kuna hewa ya chumba chako. Feni haitengenezi baridi. Inahamisha hewa iliyopo, basi. Chumba kikiwa na nyuzi 32, utapuliziwa nyuzi 32.

MASHINE INATOKA CHUMBANI

Mwaka 1981 Osborne 1 ikaingia sokoni ikiwa na mpini wa kubebea na uzito wa kilo 11 hivi. Kubebeka ilibebeka, kwa mwenye misuli. Kupakata? Hapana. Mwaka uliofuata ikaja GRiD Compass, na hiyo ndiyo iliyofanana na laptopu ya leo: kioo kinachofunika kibodi kwa bawaba. Gamba lake lilikuwa la magnesiamu. Chuma hicho kilikuwa chepesi na imara, tena kilichukua joto la ndani na kulimwaga nje kupitia mwili mzima wa mashine. Feni haikuwepo.

Shirika la NASA lilipoichukua kompyuta hiyo kwa safari za Space Shuttle mwaka 1983, ilibidi waiongezee feni. Unajua sababu? Huku duniani hewa ya moto hupanda yenyewe na ya baridi ikachukua nafasi yake. Ndani ya chombo kinachoelea angani, hakuna juu wala chini. Hewa ya moto haipandi, inabaki imeizunguka mashine kama blanketi. Hivyo moja ya laptopu za kwanza kabisa duniani ilihitaji feni ya ziada kwa sababu hewa iliyoizunguka ilikuwa imesimama.

Shika neno hilo: hewa iliyosimama. Ukiweka laptopu juu ya godoro umefanya kama yale ya angani. Matundu ya chini yamezibwa na shuka, hewa haina njia, na ile feni ndogo ya ndani inazunguka kwa hasira ikinyonya joto lake yenyewe. Hukwenda angani, uko Sinza kitandani, lakini mashine haijui tofauti.

MBIO ZA KASI ZAGOTA UKUTANI

Prosesa za kompyuta za mezani za miaka ya 1980 hazikuhitaji feni yoyote juu yake. Ilipofika Pentium mwaka 1993, mapezi ya alumini na feni vikawa jambo la kawaida. Kisha yakaanza mashindano ya megahezi. Wote tuliokua kipindi kile tunayakumbuka: mtu hakuuliza kompyuta inafanya nini, aliuliza ina kasi ngapi.

Mwaka 2001 Pat Gelsinger, mkuu wa teknolojia wa Intel wakati huo, alisimama mbele ya wahandisi wenzake na kuwaonya. Tukiendelea hivi, alieleza, joto kwa kila sentimita ya mraba ya chipu litafikia lile la kinu cha nyuklia, kisha la mdomo wa roketi, kisha la uso wa jua. Halikuwa onyo la mpinzani. Lilitoka ndani ya nyumba yenyewe.

Nyumba haikusikia. Pentium 4 iliyozinduliwa Novemba 2000 iliundwa kwa ajili ya kukimbiza kasi. Februari 2004 likatoka toleo lililoitwa Prescott, na baadhi ya prosesa zake zilipita wati 100. Mei mwaka huo Intel ikafuta mradi wa prosesa iliyokuwa ifuate. Oktoba ikafuta na ahadi ya kufika gigahezi 4, na mkuu wa kampuni, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya hadhira, nusu utani, kuomba radhi. Mtu mzima, tajiri, magotini. Joto lilikuwa limeshinda.

Sasa weka akilini kwamba katika miaka hiyo hiyo kuna laptopu zilizouzwa zikiwa na prosesa za ukoo huo wa Pentium 4, nyingine zikila zaidi ya wati 70, ndani ya boksi lenye unene wa kitabu cha simu. Ndiyo maana ni katika muongo huo wa kwanza wa 2000 feni za laptopu zilipotapakaa madukani. Hazikuletwa na fasheni. Kiwanda kilikuwa kimeuza mashine isiyoweza kulitoa joto lake vizuri, na mzigo uliobaki akaachiwa mnunuzi. Zamani mwenye kompyuta alijenga chumba. Sasa mwenye kompyuta anaambiwa anunue sinia.

Lakini njia nyingine ilikuwepo tayari. Machi 2003 Intel hiyo hiyo ilitoa Pentium M, iliyobuniwa na wahandisi wake wa Haifa, Israeli, mahsusi kwa laptopu. Badala ya kukimbiza megahezi, wao walijiuliza kila kazi inaweza kufanywa kwa umeme mdogo kiasi gani. Prosesa zao za mwanzo zilikaa kwenye wati 25 hivi na bado ziliwatoa jasho dada zake wakubwa. Kutoka kwenye fikra hiyo zikaja prosesa za Core 2 Duo mwaka 2006, na Pentium 4 ikaingia kaburini.

MAPAJA YETU NAYO

Tukiwa bado kwenye miaka hiyo, madaktari nao wakaanza kuandika. Mwaka 2002 jarida la The Lancet lilichapisha barua kuhusu mwanasayansi mmoja wa Sweden, mwenye umri wa miaka 50, aliyeungua sehemu za siri baada ya kukaa na laptopu mapajani kwa saa moja hivi. Na suruali alikuwa nayo. Mwaka 2010 jarida la Pediatrics likaeleza habari za mtoto wa miaka 12 aliyebadilika rangi ya ngozi ya paja la kushoto kwa kucheza gemu saa nyingi laptopu ikiwa mapajani. Ugonjwa huo wa ngozi waganga wanaujua tangu zamani kwa watu wanaokaa karibu na moto mno. Bibi zetu wa jikoni wangeutambua.

Halafu kuna utafiti uliowashtua wanaume. Yefim Sheynkin na wenzake wa Stony Brook, New York, waliwapima vijana 29 wa kiume na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Baada ya saa moja na laptopu mapajani, joto la korodani liliongezeka kwa nyuzi 2.6 hadi 2.8. Hapo watu wengi waliacha kusoma, na magazeti yakaandika vichwa vya habari vya kutisha. Ukiendelea kusoma utakuta kwamba kukaa tu mapaja yamebanwa, bila laptopu inayofanya kazi, kuliongeza nyuzi 2.1. Na walichopima ni joto. Uwezo wa kuzaa hawakuupima.

Watafiti hao walirudi baadaye na swali linalotuhusu zaidi: je, pedi ya kuweka kati ya laptopu na mapaja inasaidia? Haikuwa sinia lenye feni, ilikuwa pedi tu. Wakapima inachukua muda gani joto kuongezeka kwa nyuzi 1. Bila pedi, miguu imebanwa: dakika 11. Kwa pedi, miguu imebanwa: dakika 14. Kwa pedi, miguu imepanuliwa: dakika 28. Soma tena. Kifaa cha kununua kilileta dakika 3. Kukaa vizuri, ambako hakuuzwi duka lolote, kulileta dakika 14 zaidi. Mapaja yalipoachana, joto lilipata mahali pa kutokea. Ni somo lile lile la sakafu yenye matundu: kwanza njia, kifaa baadaye.

FENI KWENYE MIZANI

Haya, sasa tuipime. Ndani ya laptopu nyingi, joto linasafiri hivi: linatoka kwenye chipu, linavuka ile dawa ya kijivu au nyeupe ambayo fundi hupaka, linaingia kwenye mrija bapa wa shaba, linafika kwenye mapezi membamba ya chuma pembeni mwa mashine, na feni ndogo inalipuliza nje. Mrija ule una kimiminika kidogo ndani kinachochemka upande wa moto na kurudi maji upande wa baridi. Ufundi huo ulisukumwa mbele na George Grover wa Los Alamos mwaka 1963, kwa mahitaji ya vyombo vya angani. Leo upo chini ya kibodi yako.

Vituo ni vitano basi: chipu, dawa, mrija, mapezi, feni ya ndani. Sinia lako la taa za buluu liko wapi kwenye orodha? Halimo. Liko nje ya mlango. Kazi yake ni moja: kuhakikisha feni ya ndani inapata hewa mpya ya kutosha. Kama laptopu yako inanyonya hewa kwa chini, na feni za sinia zimelingana na matundu hayo, kuna faida ya kweli. Kama matundu yako pembeni au chini ya kibodi, unapuliza plastiki. Tumbo la mashine litapoa, mapaja yatashukuru, prosesa haitajua kama umenunua kitu.

Nguvu nayo iangalie. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni zake linatoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5. Feni nne zikigawana hizo, kila moja inapata kama nusu wati. Ni pumzi ndogo. Tena zinatoka kwenye betri ile ile: betri ya saa-wati 50 itapoteza asilimia 5 kila saa kwa kulisha sinia. Yale masinia mapya yenye feni moja nzito, umeme wake wa ukutani, na sponji ya kuziba pembeni ili hewa isitoroke, ni habari nyingine. Hayo yanaifunga njia ya hewa kama wahandisi wa IBM walivyoziba mapengo, na ndiyo maana yanafanya kazi zaidi. Yanapiga kelele pia, kama pangaboi bovu.

Kisha kuna hali ya hewa yetu. Isaac Newton aliandika mwaka 1701 kwamba kitu hupoteza joto kulingana na tofauti kati yake na mazingira. Chukua prosesa yenye nyuzi 95. Katika chumba cha nyuzi 20, tofauti ni 75. Katika chumba cha nyuzi 32, tofauti ni 63. Kwa feni ile ile na kasi ile ile, uwezo wa kulitoa joto umepungua kwa asilimia 16 kabla hujafungua hata programu moja. Laptopu iliyopimwa na wahakiki wa Ulaya ikaitwa tulivu, huku kwetu inaanza mechi ikiwa imefungwa goli. Sinia haliwezi kusawazisha goli hilo, kwa kuwa nalo linapuliza hewa ya chumba hicho hicho.

Na yapo magonjwa ambayo feni ya nje haiyagusi kabisa. Agosti 2006 Dell iliita betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony, kwa hofu ya kushika moto. Chanzo kilikuwa chembe za chuma ndani ya seli za betri. Puliza mpaka kesho. Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za picha za laptopu zilizokuwa zikifa mapema. Vifaa vilivyotumika kuzifunga na kuziunganisha vilikuwa dhaifu, na kupashwa joto kisha kupoa, mara nyingi, kukavipasua. Kupunguza joto kungechelewesha, kuponya hapana.

JARIBU MWENYEWE KABLA YA KUTOA PESA

Usiniamini mimi, wala muuzaji. Fanya hivi. Pakua programu ya bure inayoonyesha joto na kasi ya prosesa, zipo nyingi. Weka laptopu mezani, ipe kazi nzito moja, mfano kubadili video ndefu kuwa ya muundo mwingine, subiri dakika 20 mpaka namba zitulie, uandike joto na kasi. Acha ipoe. Rudia kazi ile ile, chumba kile kile, lakini sasa inyanyue upande wa nyuma kwa vizibo viwili vya chupa za maji. Andika. Kama una rafiki mwenye sinia, liazime, urudie mara mbili: feni zimezimwa, kisha zimewashwa.

Ukilinganisha namba utajua nini kinatokana na kunyanyuliwa na nini kinatokana na feni. Kwa laptopu nyingi za kawaida vizibo peke yake vinafanya sehemu nzuri ya kazi, na vizibo ni bure. Na usitazame joto tu. Itazame kasi. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi ili isiungue, hivyo joto linaweza kubaki pale pale wakati mashine inatambaa. Sinia zuri ni lile linalorudisha kasi, hata kama nyuzi zimeshuka mbili tu.

Kabla ya hayo yote, mpelekee fundi unayemwamini aifungue, atoe vumbi kwenye mapezi na kupaka dawa mpya. Laptopu ya mtumba ya miaka mitano mara nyingi ina blanketi la vumbi kati ya feni na mapezi, na ile dawa imekauka kama udongo wa kiangazi. Daraja limevunjika, wewe unatafuta kupanua barabara ya ng'ambo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na bei ya ukuta kwenye laptopu ni ubao mama mpya.

KWA HIYO?

Hukumu yangu ni hii. Kama laptopu yako ni ya kawaida, ya kuandika, kusoma na kuangalia filamu, inyanyue nyuma, isafishe, itoe kitandani, na pesa ya sinia nunua diski ya kuhifadhia nakala za kazi zako. Kama ni ya gemu nzito au ya kuhariri video, ambayo chipu ya picha peke yake inaweza kula wati 150, na inanyonya hewa kwa chini, basi sinia lenye nguvu na sponji lina faida. Kama unataka tu mapaja yasiungue, hata ubao wa kukatia mboga unatosha. Taa za buluu ni pambo.

Lakini historia inasema jambo kubwa zaidi ya ununue au usinunue. Kwa miaka yote tangu 1946, mabomba, gesi za friji na matangi ya Cray yalinunua muda tu. Ushindi wa kudumu ulikuja kila mara pale mtu alipounda kitu kisichochoma umeme mwingi: transista badala ya vali, kompyuta kubwa za IBM zilizoachana na maji kuanzia 1994 baada ya kubadilishiwa aina ya chipu, Pentium M badala ya Pentium 4. Novemba 2020 Apple ilitoa MacBook Air yenye chipu ya M1 na haikuweka feni hata moja ndani. Kazi nzito ya muda mrefu huipunguzia kasi, lakini kazi za kila siku inazimaliza kimya kimya.

Kwa hiyo siku utakayokwenda kununua laptopu nyingine, mpya au ya mtumba, usiishie kuuliza gigahezi na ukubwa wa diski. Uliza prosesa yake inakula wati ngapi. Igeuze juu chini uone matundu ya hewa yako wapi. Wasimamizi wa kompyuta za zamani walijua maswali hayo kwa sababu wao ndio waliolipia chumba na kiyoyozi. Siku hizi chumba ni chako, na umeme wa kukipoza ni wa kwako pia.